Kesho Zilizopitwa na Tarehe

Dunia ilitakiwa kuisha tarehe 29 Agosti 1997. Ndivyo ilivyosema Terminator 2, filamu ya 1991: siku hiyo mashine zingejitambua na kuwateketeza binadamu kwa makombora ya nyuklia. Blade Runner ya 1982 nayo ilisema kwamba ikifika Novemba 2019 kutakuwa na magari yanayopaa juu ya Los Angeles na watu bandia ambao ni vigumu kuwatofautisha na sisi. Na kwa mujibu wa Back to the Future Part II, ilipofika 21 Oktoba 2015 vijana walipaswa kuwa wanateleza hewani juu ya ubao usio na magurudumu.

Tarehe zote hizo zimepita. Mimi mwenyewe nilizaliwa baada ya ile siku ya kuisha kwa dunia. Na bado watu wanazipenda filamu hizi kana kwamba zimetoka jana. Hapa Salgaa pia.

Kama hujawahi kupita huku, Salgaa ni kituo cha malori kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Jioni trela za kutoka Mombasa, zinazoelekea Malaba, Kampala, Kigali na hadi Kongo, hupaki kando ya lami, na madereva wakashuka kutafuta chapati na maharagwe, maji moto ya kuoga na kitanda. Tulipokuwa wadogo burudani yetu ilikuwa kibanda cha video: mabati, mabenchi, televisheni moja, shilingi kumi mlangoni. Siku hizi vibanda vimepungua, kila mtu ana muvi zake kwenye simu. Lakini chungulia hizo skrini uone kinachotazamwa. Predator. RoboCop. Terminator. Na juu ya Kiingereza chao kuna masimulizi ya Kiswahili cha mtaani, yale ambayo DJ Afro alitufundisha kuyapenda. Hatukuwahi kuwa na haja ya jina kama bunilizi ya kisayansi. Tuliziita muvi za maroboti, na kila mtu alielewa.

Sasa swali. Tunawezaje kuendelea kupenda kitu kilichotudanganya kuhusu kesho? Mwanasiasa akisema jambo lisitimie, hatumsamehi. Filamu ikisema jambo lisitimie, tunaiwasha tena.

Jibu la haraka ni utoto. Ati mtu hapendi filamu, anapenda umri aliokuwa nao alipoitazama. Ni kweli kiasi, lakini haitoshi. Terminator ya kwanza ilitoka 1984. Turnboi wa miaka 19 anayeitazama usiku huu hana utoto wowote humo ndani. Filamu ni kuu kuliko yeye, labda hata kuliko mamake. Na tena si kila kitu cha utotoni tunakipenda. Nilibeba mitungi mingi sana ya maji nikiwa mdogo na sina hamu nayo hata kidogo.

Kabla sijaacha chuo mwaka wa pili, nilisoma somo moja la falsafa, na kilichobaki kichwani ni tofauti hii: kutabiri si kuahidi. Mtu akikuambia kesho mvua itanyesha na isinyeshe, amekosea. Mtu akikuambia kesho nitakulipa na asikulipe, amekukosea. Silabi moja tu imeongezeka, lakini ndiyo inayotenganisha hesabu mbaya na dhuluma.

Filamu hizi zilikosea. Hazikutukosea. Hazikuomba kura, hazikuomba ardhi, hazikutuambia tuvumilie leo kwa sababu kesho inakuja. Zilichukua shilingi kumi na zikatulipa papo hapo, kwa saa moja na nusu ya kutosikia njaa. Nyingine hata hazikutaka kuwa kweli. Terminator 2 ni onyo, na onyo lisilotimia limefanya kazi yake. Mama anayekukemea kwamba utaanguka kwenye huo mti hatembei akiwa na huzuni kwa sababu hukuanguka.

Linganisha na kazi nyingine ya kubuni wakati ujao ambayo Wakenya tunaijua vizuri. Ruwaza ya Kenya 2030 ilizinduliwa mwaka 2008. Ina kila kitu ambacho muvi nzuri ya aina hii inahitaji: mji mpya wa teknolojia unaochipuka kwenye uwanda mtupu wa Konza, viwanda, barabara pana, maisha bora kwa kila raia, na mwaka maalum ambapo haya yote yatakuwa yametimia. Lakini ile si utabiri. Ni ahadi, na watu walipanga maisha juu yake.

Huku kwetu ahadi zina kipimo chao, nacho ni barabara. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuteka petroli, moto ukalipuka na zaidi ya 100 wakafa. Usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, wakafa zaidi ya 30. Baada ya hapo ndipo ukuta wa kutenganisha njia ukajengwa. Mkataba wa kuipanua barabara yote kutoka Rironi hadi Mau Summit ulitiwa saini Paris mwaka 2020, kisha ukavunjwa, na mwaka 2025 mradi ukazinduliwa upya na wakandarasi wengine. Magari yanayopaa yakichelewa, hakuna anayezikwa. Njia ya pili ikichelewa, tunachanga pesa za mazishi.

Kwa hiyo upendo wetu kwa filamu za zamani si upofu. Tunajua sana nani anatudai na nani tunamdai.

Lakini kusamehe si kupenda. Kwa nini basi mtu apende, tena kwa miaka sitini? Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Ilipotishiwa kufutwa baada ya msimu wa pili, mashabiki waliiandikia stesheni barua kwa wingi, ikapewa msimu wa tatu. Ikafutwa 1969, baada ya vipindi 79. Mashabiki hawakwenda popote. Mwaka 1976 barua zao zilifanya chombo cha kwanza cha majaribio cha NASA cha aina ya shuttle kiitwe Enterprise, jina la meli ya kwenye kipindi. Chombo hicho hakikuwahi kufika anga za juu. Kazi yake ilikuwa kujaribu kutua. Hata hilo halikuwavunja moyo. Shabiki ni mtu anayeendelea kuishika kesho hata baada ya walioibuni kuishusha mikononi.

Najua utakachosema: hiyo kesho haikuwa yetu. Wale jamaa wa Hollywood hawakuwa wakifikiria Salgaa. Ni kweli. Lakini angalia waliomo ndani. Afisa wa mawasiliano wa Enterprise aliitwa Uhura, jina lililotoholewa kutoka neno letu uhuru, na mwigizaji wake alikuwa mwanamke Mweusi, Nichelle Nichols. Alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza. Mwenyewe alisimulia kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Mae Jemison alimtazama akiwa mtoto, na mwaka 1992 akawa mwanamke wa kwanza Mweusi kwenda anga za juu. Utabiri mmoja basi ulitimia, kwa sababu kuna mtu aliuchukua kama ahadi aliyopewa yeye binafsi.

Halafu kuna Return of the Jedi ya 1983. Kando ya Lando Calrissian ndani ya Millennium Falcon amekaa rubani mwenza mwenye mashavu yaliyoning'inia, Nien Nunb, na anaongea Kikuyu. Sauti ni ya Kipsang Rotich, aliyekuwa mwanafunzi Mkenya huko Marekani. Kwa masikio ya Marekani ile ilikuwa lugha ya kiumbe wa sayari nyingine. Unaweza kukasirika kwamba walituweka kwenye kesho yao kama majitu ya angani. Wakenya wengi walicheka, wakaichukua kama salamu.

Mimi nacheka pia, kisha nanyamaza kidogo. Kwa sababu mtu wa Rongai, Molo au Kuresoi anasikia jambo ambalo Hollywood haikulisikia. Jina la Kikalenjin linaongea Kikuyu, na hakuna anayeuliza umetoka upande gani. Mwanzoni mwa 2008, huku, lugha iliyokutoka mdomoni ingeweza kuamua kama utalala kwako au kambini. Baadaye, kwenye kibanda cha shilingi kumi, tulibanana benchi moja watoto wa pande zote, tukimshangilia polisi wa chuma. Sisemi muvi zilituponya. Nasema zilituonyesha mahali pamoja pa kuangalia, wakati ambapo tulishindwa kuangaliana.

Yule muuaji wa chuma wa 1984 alitumwa kutoka mwaka 2029. Ruwaza ya Kenya inafika mwisho 2030. Miaka hiyo miwili inafuatana, na yote itapita hapa barabarani kama lori lolote. Nina hakika hata 2031 kutakuwa na dereva ndani ya kebini, kiti kimelazwa nyuma, akitazama Terminator kwa mara ya kumi. Sijui kama kutakuwa na mtu anayeisoma Ruwaza. Ningependa awepo, na aisome kishabiki: azijue tarehe zote kwa moyo, asikubali msimu ufutwe kimyakimya, na aandike barua.