Nyonga Inayoonekana na Mlango Usioonekana

Katika maboma ya kandokando ya Ghuba ya Speke, upande wa Magu, mtu akimsifu mtamba huanza na nyuma yake. Nyonga zikiwa pana na mgongo umenyooka, wazee husema, "Huyu ni mama." Nami nililelewa katika elimu hiyo, wala sikuitilia shaka hadi mwaka 1993.

Mwaka huo nilinunua mnadani mtamba mwekundu wa kienyeji. Alikuwa mzuri wa kupendeza macho, lakini mdogo. Meno yake ya utoto yalikuwa bado hayajang'oka. Tamaa ya maziwa ikaninyima subira, nikampandisha kwa chupa, mbegu za dume la Friesian. Babu yangu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia: "Mjukuu wangu, nyonga unayoiona siyo mlango atakaopita ndama." Nilimheshimu, lakini sikumsikiliza.

Miezi tisa ikapita. Uchungu ulimshika jioni, tukakesha naye, kandili ikiyumba kwa upepo wa ziwani. Mtaalamu wa mifugo alipofika asubuhi kwa baiskeli, ndama alikuwa amekwisha kufa. Alivutwa kwa kamba. Mama alilala siku tatu, miguu ya nyuma haina nguvu. Majirani walikuja kutupa pole, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Nami nikaitikia, "Ndiyo." Ndugu msomaji, itikio hilo ndilo linalonifanya niandike.

Baadaye nilijifunza kwamba babu alisema kweli. Upana wa nje wa nyonga hauonyeshi vizuri ukubwa wa njia ya ndani, na njia hiyo huendelea kupanuka ng'ombe anapokua. Linaloleta taabu zaidi ni ndama mkubwa kukutana na njia ndogo. Ndama wa Friesian huzaliwa na kilo 40 hivi. Wa zebu wetu hukaribia nusu yake. Kweli, tumbo la mama lina huruma yake. Mwaka 1938, huko Cambridge, Walton na Hammond walieleza jinsi walivyochanganya farasi wakubwa wa Shire na wadogo wa Shetland, wakaona kwamba mama mdogo huzaa mtoto mdogo, ingawa baba ni jitu. Lakini huruma hiyo ina mpaka, na mimi niliuvuka.

Je, nilikuwa na hatia? Mtu ataniambia kwamba sikujua mambo ya mifupa ya ndani. Ni kweli. Lakini umri niliujua, maana meno niliyafungua kwa mikono yangu. Nilichokiita kutojua kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kutotaka kujua. Mwingine atauliza: kufuga si kumchagulia mnyama daima? Bila shaka, na watoto wetu wanahitaji maziwa. Sisemi tuache kuchagua. Nasema kwamba anayemchagulia asiyeweza kukataa ndiye anayepaswa kubeba mzigo wa shaka. Kama hana hakika, na angoje. Hasara ya kungoja ni yake. Hasara ya kuharakisha ni ya mwingine.

Tena jambo hili haliishii zizini. Binti si mtamba, ana sauti. Hata hivyo nimewasikia watu wazima, ng'ombe za mahari zikihesabiwa, wakisema kwamba msichana wa miaka 15 "amekwisha kukomaa" kwa sababu ya umbo lake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu aolewe katika umri huo kwa idhini ya wazazi, hata Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2016 kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani kukubaliana nayo mwaka 2019. Nyonga zake nazo huwa bado zinakua. Uchungu ukimshinda, anaweza kumpoteza mtoto na kubaki na fistula. Hapo pia tutasema ni mapenzi ya Mungu?

Mtamba wangu alisimama siku ya nne. Nilimwacha hadi akakomaa, akapandwa na dume la kienyeji. Alizaa malishoni, mchana, peke yake. Jioni niliona tu anarudi pamoja na kundi, polepole kuliko wenzake, akigeuka kila hatua kumtazama aliyekuwa nyuma yake.