Nia na Misimu ya Shamba

Katika fikra za Kiislamu, ambazo kwa karne nyingi zimeongoza maisha ya wakulima wa mwambao wa Afrika Mashariki, thamani ya tendo hupimwa kwa nia ya mtendaji. Hadithi iliyobeba msingi huo, iliyopokewa na Umar bin Khattab, imewekwa na Imamu Bukhari mwanzoni kabisa mwa mkusanyiko wake, na wanafunzi wa vyuo vya Kurani huihifadhi wangali wadogo. Lisiloulizwa sana ni swali la muda, yaani kama nia iliyotiwa siku ya kwanza ya kazi ndefu huendelea kuihuisha kazi hiyo hadi mwisho, au hufifia njiani na kuhitaji kutiwa upya. Mkulima hulikabili swali hili kwa uzito zaidi kuliko wengi, kwa kuwa kazi yake haimaliziki kwa kikao kimoja, na kila msimu humdai jambo ambalo msimu uliotangulia haukumdai.

Mafakihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, wamelijadili swali hilo walipozungumzia funga ya Ramadhani. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mfungaji wa faradhi hana budi kunuia kila usiku kabla ya alfajiri, kwa hoja kwamba kila siku ni ibada inayojitegemea, iliyotengwa na mwenziwe na usiku ambao kula na kunywa ni halali ndani yake. Wamaliki huuona mwezi mzima kuwa mfano wa ibada moja, kwa hiyo nia ya usiku wa kwanza hutosha maadamu mfululizo haujakatwa na safari au maradhi. Ukikatika, nia hurejewa.

Mwaka wa shamba una sura zote mbili. Apandaye mnazi au mkarafuu, miti ambayo humweka mwenyewe miaka kadhaa kabla ya kumpa chochote, anahitaji nia ya kudumu, la sivyo ataung'oa mche kabla haujamfaa. Lakini konde la mahindi au matuta ya mchicha hayaendeshwi kwa azma ya zamani: kufyeka na kuandaa ardhi wakati wa kiangazi, kupanda masika yanapoingia mnamo Machi, kupalilia magugu yanapoanza kushindana na mimea, kisha kujiandaa tena kwa vuli, kila moja ni tendo lenye ugumu wake na kishawishi chake cha kuliahirisha. Hata kwa kipimo cha Wamaliki, mkulima aghalabu atajikuta akinuia upya, kwani ni nadra mwaka wa shamba kupita bila kukatwa na homa, msiba au mvua iliyochelewa. Kwa hiyo msimamo wa Shafii, unaoonekana mzito msikitini, huwa ndio wa kawaida kabisa shambani.

Hata hivyo, kurudia nia si kurudia maneno yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika *Ihya Ulum al-Din* kwamba nia si kauli ya ulimi wala wazo linalopita akilini, bali ni msukumo wa nafsi kuelekea jambo inaloliona kuwa na faida kwake. Na msukumo huo hauji kwa kuamriwa, kama vile mtu aliyeshiba asivyoweza kujitia hamu ya chakula kwa kusema tu kwamba ananuia kukitamani. Hoja hii inawaelemea wale wanaodhani kwamba kuweka malengo ni kuyaandika. Ikiwa nia haiamriwi, basi kinachowezekana ni kuyatunza yanayoizaa, yaani elimu ya kujua kwa nini tendo linafaa, na mazoea ya kulitenda hata pale hamu inapopungua.

Katika kitabu hicho hicho, anapofafanua tumaini, Ghazali anamtumia mkulima mwenyewe. Aliyepanda mbegu njema katika ardhi nzuri, akaimwagilia na kuipalilia kwa wakati wake, kisha akangoja fadhila za Mungu zimwepushie maafa, huyo ana tumaini la kweli. Aliyepanda katika ardhi ya chumvi isiyofikiwa na maji, kisha akangoja mavuno, amejidanganya. Na aliyepanda katika ardhi nzuri isiyo na maji, akabaki akingojea mvua mahali ambapo kwa desturi hainyeshi, ana tamanio tu. Yanayowatenga watatu hawa ni yale waliyoyafanya kabla ya kungoja, wala si ukubwa wa haja yao. Ndiyo maana tawakali, yaani kumtegemea Mungu, haimwondolei mtu jembe mkononi; inamwondolea dai la kumiliki matokeo. Mtume ameripotiwa kumwagiza aliye na mche mkononi aupande hata Kiyama kikisimama, agizo ambalo halina maana yoyote iwapo nia hupimwa kwa mavuno.

Linabaki suala la kalenda, ambalo si dogo kama linavyoonekana. Mwaka wa Hijria una siku zipatazo 354, hivyo Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa jua na huizunguka misimu yote kwa miaka ipatayo 33. Wakulima na mabaharia wa mwambao, ambao hawangeweza kupanda wala kusafiri kwa kufuata mwezi mwandamo, walitumia pia mwaka wa siku 365 uliohesabiwa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, na kuanzia Nairuzi, sikukuu ambayo huko Makunduchi, Unguja, bado huadhimishwa mwezi Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Nairuzi hiyo huja masika yakiwa yamekwisha, ilhali Januari mosi, siku inayopendwa kwa azma mpya, humkuta mkulima wa mwambao katikati ya joto la kaskazi akiwa hana la kupanda. Ramadhani ya mwaka 2024 ilianza masika yakikaribia. Katika miaka inayofuata mwaka huo inahamia ndani ya kiangazi, na mfungaji yule yule, akinuia usiku kwa maneno yale yale, anaamkia kazi ya kufyeka badala ya kupanda.