RIZIKI IKICHELEWA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuwaruzuku walio baharini na walio barani. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila mwenye kuufuata mwendo wao. Ama baad:

Ndugu zangu Waislamu,

Siku moja katika msimu wa kusi, baada ya sala ya Alfajiri, alinijia mtu mmoja katika wavuvi wa mji wetu. Ni mtu mwenye kushika sala zake, wala sikupata kumsikia akilalamika. Alingoja mpaka watu wakatoka msikitini, kisha akaniuliza: "Sheikh, mmetusomesha kwamba riziki ya kila mtu imekwisha andikwa. Basi hii yangu imeandikwa kwa siku gani? Hii ni wiki ya tatu bahari imechafuka na mashua haijaingia majini. Jana watoto wamelala kwa uji mtupu. Kuna anishauriye nibahatishe mipira kwa simu, ati huenda nikapata mara moja. Na mwingine yu tayari kunikopesha, lakini kwa ziada. Nifanye nini?"

Swali hili halistahiki kukemewa. Njaa ni jambo zito, na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mola wake na ukafiri pamoja na ufakiri, akiyataja mawili hayo mahali pamoja. Basi mwenye kuuliza kwa uchungu hakukufuru, ametaka kujua. Nasi tunaopanda juu ya mimbari tumewajibika kumjibu kwa ilimu, si kwa neno "subiri" peke yake.

Jambo la kwanza: tuijue ahadi yenyewe. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura Hud, aya ya 6, kwamba hapana kiumbe chochote katika ardhi ila riziki yake iko juu Yake, naye akijua kikaapo na kiwekwapo. Hii ni ahadi ya Mfalme asiyevunja ahadi. Lakini katika Sura At-Talaq, aya ya 3, baada ya kutuambia kwamba amtegemeaye Mwenyezi Mungu, Yeye humtosha, ametujulisha pia kwamba kila kitu amekiwekea kipimo chake. Sisi hupenda kuisoma ahadi, na kipimo tukakipita mbio. Mwenyezi Mungu ameahidi riziki. Hakuahidi kwamba itakuja katika saa tuliyoipanga sisi, wala kwa mlango tulioukodolea macho sisi. Mvuvi akijua hivyo kuliko mtu mwingine. Kaskazi haiji kwa kuitwa, wala kusi haiondoki kwa kufukuzwa. Na hapana mwenye akili asemaye kwamba kaskazi haitakuja kabisa kwa kuwa leo ni kusi.

Jambo la pili: tujue maana ya kutawakali. Wako waliodhani kwamba kutawakali ni kukaa. Bwana Abdullahi bin Abbas (R.A.) amesimulia, na Imamu Bukhari amepokea, kwamba watu wa Yaman walikuwa wakienda Haji bila ya kuchukua masurufu, wakisema kwamba wao ni watu wenye kutawakali. Wakifika Makka wakawa wanaombaomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara, kuwaamrisha wachukue masurufu. Tazama: hawakusifiwa kwa imani yao, bali walifundishwa adabu, kwani walisema wanamtegemea Mungu, na kumbe walikuwa wakiitegemea mikoba ya wenzao.

Na hadithi ya ndege, aliyoipokea Imamu Tirmidhi kutoka kwa Bwana Umar (R.A.), hutajwa na wavivu kuwa ni hoja yao, nayo ni hoja juu yao. Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba lau tungemtegemea Mwenyezi Mungu ipasavyo kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, ambao hutoka asubuhi na matumbo matupu, wakarejea jioni wameshiba. Mtume amesema hutoka. Hakusema kwamba hukaa katika viota vyao wakachamiwa. Ndege hana ghala wala hana mkataba, lakini hutoka. Basi mvuvi ambaye bahari imemfungia, akakaa chini ya mwembe akishona nyavu, au akatega dema mahali penye maji tulivu, au akachukua kazi ya kubeba mizigo sokoni bila ya kuona haya, huyo ndiye ndege aliyetoka. Na Mtume (S.A.W.) amekwisha kutuambia, katika hadithi ya Bwana Zubeir bin Awwam (R.A.), kwamba mtu kuchukua kamba yake akaleta mzigo wa kuni mgongoni akauuza, ni kheri kwake kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime.

Tena kuweka akiba si kinyume cha kutawakali. Nabii Yusuf (A.S.) aliwaamrisha watu wa Misri wahifadhi nafaka katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya shida; na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka mzima. Basi ni nani aliyetawakali kuliko hao wawili?

Jambo la tatu, nalo ndilo kiini cha swali: mtu ametoka, amejitahidi, na riziki bado haijaonekana. Hapa tumkumbuke mama yetu Hajar. Nabii Ibrahim (A.S.) alimwacha pamoja na mtoto anyonyaye katika bonde lisilo na mmea, na mfuko wa tende na kiriba cha maji. Akamwuliza mumewe kama jambo lile ni amri ya Mwenyezi Mungu. Alipoambiwa kuwa ndiyo, alisema kwamba basi Mungu hatatupoteza. Hiyo ndiyo itikadi yake. Kisha maji yakesha. Mtoto akawa anagaagaa kwa kiu. Je, Bibi Hajar aliketi akasema, "Nimekwisha tawakali"? La. Alipanda Safa akatazama, asione mtu. Akateremka akapiga mbio bondeni mpaka Marwa, akatazama, asione mtu. Akafanya hivyo mara saba.

Sasa angalieni, ndugu zangu, jambo ambalo wengi wetu hatulizingatii, ijapokuwa kila mwenye kwenda Haji hulifuatisha kwa miguu yake. Maji hayakutoka Safa wala hayakutoka Marwa. Yalitoka pale alipolala mtoto. Pale alipopahangaikia hapakuwa na tone, na riziki ikaja mahali asipopatazamia. Je, mbio zake zilipotea bure? Hazikupotea, Mwenyezi Mungu amezifanya kuwa ibada mpaka Siku ya Kiyama. Lililo juu yetu ni kupiga mbio. Mahali pa kutoka maji si juu yetu. Wala riziki haikumjia katika mzunguko wa kwanza wala wa tatu. Ilikuja ulipotimia wakati wake. Lau katika mzunguko wa tano angelikata tamaa, akamwomba jabali au sanamu, angalikuwa amekosa imani, na maji yale yangali njiani.

Na hilo ndilo tunaloliogopea leo. Ibnu Majah amepokea kutoka kwa Bwana Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu na watafute kwa uzuri, kwani hapana nafsi itakayokufa mpaka iikamilishe riziki yake, hata ikichelewa, basi wachukue lililo halali na waache lililo haramu. Mtume ametaja kuchelewa waziwazi. Kwa hivyo kuchelewa kwa riziki si dalili ya kwamba Mungu amekusahau. Ni mtihani wa mlango utakaopitia.

Milango mibaya katika miji yetu ni mitatu. Mmoja ni wa zamani: mtu hufunga hirizi mashuani, au humwendea mganga, au humwaga kafara baharini ili samaki waje. Huyo amemwachia Mwenye bahari akamwomba asiyemiliki hata kombe moja. Wa pili ni riba, na khasa hii ya siku hizi ambayo mtu huipata kwa kubonyeza simu mara mbili tatu, akala leo, na kesho akakopa pengine ili alipe ya jana, mpaka shingo yake ikawa si yake. Wa tatu ni kamari, ambayo imevaa nguo mpya ya kubahatisha mipira, ikawateka vijana wetu mpaka wengine hupoteza karo za shule na kodi za nyumba. Suratul Maida, aya ya 90, imeitaja kamari pamoja na ulevi na masanamu, na ikaiita uchafu katika kazi za shetani. Kuitia ndani ya simu hakukuifanya safi.

Nilimjibu ndugu yule kwa haya, na nikamwambia: "Usiifungue milango hiyo. Subiri, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu atakufungulia." Akanishukuru, akaenda zake.

Nilirejea nyumbani nikaandaliwa chai na mahamri ya moto. Nilipotia mkono sahanini nikayakumbuka maneno ya Sura Adh-Dhariyat, aya ya 19, kwamba katika mali ya wachamungu imo haki ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Mwenyezi Mungu ameiita haki. Nikaona haya kubwa. Nilimsomea mtu hadithi za riziki, na sehemu ya riziki yake ilikuwa jikoni kwangu. Yeye aliniuliza riziki yake imeandikwa kwa siku gani. Huenda iliandikwa kwa siku ile ile, nami ndiye niliyeichelewesha. Basi sikumaliza chai ile. Nilichukua kilichokuwamo nyumbani, nikamfuata.

Enyi mliokunjuliwa riziki, neno hili ni lenu na langu. Ni rahisi sana mwenye kushiba kumhubiria mwenye njaa habari za kutawakali, na ufunguo wa ghala u mfukoni mwake. Mwenyezi Mungu huwaruzuku waja wake kwa njia nyingi, na moja katika njia hizo ni mikono yetu. Bwana Abu Musa (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari: kikipungua chakula chao vitani, au chakula cha jamaa zao mjini Madina, walikuwa wakikusanya kila walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawana kwa chombo kimoja sawasawa. Mtume akasema kwamba wao ni katika yeye, na yeye ni katika wao. Na katika mwaka wa 18 wa Hijra, mwaka wa ukame mkubwa, Bwana Umar (R.A.) aliomba mvua pamoja na watu, na pia aliwaandikia maamiri wake wa mikoa walete chakula, na misafara ikaja kutoka Sham, na yeye mwenyewe akajinyima samli mpaka watu wapate nafuu. Aliomba kama mtu asiyekuwa na ila dua, na akafanya kazi kama mtu ambaye jambo lote liko mikononi mwake.

Basi katika darasa letu tumeafikiana mambo mawili, na tunawaita wenzetu wa misikiti mingine wayatazame. La kwanza: kuwa na sanduku, ambalo kila mtu atatia kidogo katika miezi ya kaskazi, bahari inapokuwa na kheri, ili wakati wa kusi akopeshwe mwenye haja bila ya ziada hata ya senti moja. La pili: wenye kuwadai wavuvi na wachukuzi wawape muhula mpaka msimu ugeuke, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 280, na atakayesamehe kabisa, hilo ni bora kwake. Mtu hawezi kumlaumu ndugu yake kwa kuuendea mlango wa riba, ilhali mlango wa halali ameufunga yeye.

Na wewe uliye katika dhiki, toka kama atokavyo ndege, piga mbio kama alivyopiga Bibi Hajar, na mikono yako iwe safi. Riziki yako haitaliwa na mtu mwingine, wala haitatangulia wakati wake hata ukiifuata kwa haramu. Utakalozidisha kwa haramu ni dhambi tu. Na kusi, ijapokuwa ndefu, ina mwisho.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu Yako, na ututajirishe kwa fadhila Zako tusimhitaji asiyekuwa Wewe. Waruzuku wavuvi wetu na wakulima wetu, na watoto waliolala na njaa. Wala usitufanye sisi kuwa kizuizi baina yao na riziki Yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.