Rangi Zikipatana, Zimepatana na Nani?

Ilikuwa Jumamosi, na bibi harusi alikuwa ameshakaa kwenye kiti tangu saa nne asubuhi. Dada yangu ni mpambaji. Kazi yangu mimi ni kumbebea mkoba, kumshikia kioo na kunyamaza. Wakati huo mkoba wake ulikuwa na visanduku viwili vya rangi za macho, paleti kama wenyewe wanavyoviita. Kimoja kilikuwa kipya, cha bei mbaya, chenye rangi kumi na mbili zilizokaa kwa adabu kama wanafunzi mstarini: krimu, mchanga, chai ya maziwa, kahawa, hudhurungi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Cha pili kilikuwa kikuukuu, cha kununua kwa machinga, na rangi zake hazikuwa zikisalimiana: kijani cha kasuku, zambarau, chungwa, bluu, pinki, dhahabu. Hicho ndicho nilichozoea kukicheka. "Dada, hiki si kisanduku, hii ni daladala," nilikuwa nikimwambia. "Kila abiria na safari yake."

Bibi harusi alikuwa mweusi hasa, weusi ule unaong'aa bila kupakwa kitu. Dada akafungua kisanduku kipya. Akapaka rangi ya kwanza juu ya kope, ya pili kwenye kikunjo cha jicho, ya tatu pembeni. Akarudi nyuma kutazama. Akaongeza. Akarudi tena nyuma. Rangi zilizokuwa mbalimbali ndani ya kisanduku zilikuwa zimegeuka rangi moja juu ya jicho, na rangi yenyewe ilikuwa kijivu. Shangazi mtu, aliyekuwa amekaa kitandani na mkoba wake mapajani, akasogea.

"Mwanangu," akasema polepole, "mbona umempaka majivu? Huyu anaolewa, hakufiwa."

"Samahani, shangazi. Nampangusa sasa hivi."

Chumba kikawa kimya. Bibi harusi alikuwa anajitazama kwenye kioo nilichokuwa nimekishika, na akauliza kwa sauti ndogo: "Au ngozi yangu ndiyo mbaya, dada?"

"Ngozi yako haina kosa, mdogo wangu," dada akajibu. "Kosa ni la kisanduku."

Akaingiza mkono chini kabisa ya mkoba, akatoa ile daladala yangu. Akaanza na zambarau kwenye kikunjo, akaja na dhahabu katikati ya kope, akamalizia na uzi mwembamba wa kijani chini ya jicho, juu ya wanja. Sijui nieleze vipi. Shangazi alipiga kigelegele kabla hata jicho la pili halijaguswa.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea na swali ambalo washikaji wangu wananicheka nalo: je, rangi zilizomo ndani ya kisanduku kimoja zinapaswa kupatana? Najua utasema hili ni jambo la saluni, si la gazeti la fasihi. Lakini swali la bibi harusi yule halikuwa la saluni. Mtu alipewa rangi zinazopatana, akaonekana yeye ndiye asiyepatana. Hapo pana jambo la haki, na mimi naomba tulizungumze.

Tuanze na wanaosema zipatane, maana hoja yao si ya kizushi. Kwanza ni fedha. Ukinunua kisanduku cha rangi kumi na mbili ukatumia tatu tu, hizo tisa umechangia duka. Pili ni anayeanza kujifunza. Binti asiyewahi kushika brashi, ukimpa rangi za ukoo mmoja, achovye popote atatoka salama. Tatu ni kazi yenyewe. Jicho lililopambwa vizuri linahitaji rangi nyepesi, rangi nzito, na rangi ya katikati ya kuziunganisha. Dada huiita hiyo ya katikati daraja. Kisanduku chenye rangi kali tupu, kisicho na daraja hata moja, kinakupa nyuso mbili zinazotazamana kwa hasira na hakuna wa kuzisuluhisha. Hata daladala yangu ina dhambi hiyo: dada hukopa hudhurungi kutoka kwenye kisanduku kingine kila anapotaka kulainisha kingo. Tukiri basi kwamba vurugu nayo si uhuru.

Na soko lilishatoa hukumu yake. Mwaka 2010 kampuni ya Kimarekani ya Urban Decay ilitoa kisanduku kilichoitwa Naked, rangi kumi na mbili za ukoo wa kahawia, shaba na kijivu. Kiliuzwa kupita kiasi, kikazaa wadogo zake, na kampuni nyingi zikafuata nyayo. Kilipoondolewa madukani mwaka 2018 wenyewe walikifanyia hata mazishi ya utani. Kwa miaka kadhaa, kusema paleti nzuri ilikuwa karibu sawa na kusema kahawia zilizopangwa mstari. Na kahawia kweli ni ndugu wa damu: nyingi hutengenezwa kwa oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, yaani jamaa wa kutu, zikichanganywa kwa vipimo mbalimbali. Zitaachaje kupatana?

Lakini hebu tulichambue neno lenyewe. Kupatana. Watu wawili wakipatana haina maana kwamba wamefanana. Mume na mke wanapatana, mnunuzi na muuzaji wanapatana bei. Wanaofanana kabisa hawana hata cha kupatania. Mtazame mama akitoka na kanga: pindo jeusi, mji mwekundu, maandishi meupe. Rangi hizo si ndugu hata kidogo, na hakuna anayesema haziivi chungu kimoja. Kila moja inaifanya nyingine isomeke. Ukichapa jina la kanga kwa wekundu juu ya wekundu, utakuwa umepata umoja, lakini ujumbe hautamfikia jirani.

Kuna mtu aliyelifanyia jambo hili uchunguzi wa miaka mingi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliteuliwa mwaka 1824 kusimamia upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wakamletea malalamiko kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia, hazina nguvu zikifumwa kwenye vivuli vya bluu na zambarau. Akazipima na nyuzi nyeusi za viwanda vingine. Hazikuwa na kasoro. Kumbe kasoro ilikuwa ya majirani: nyeusi ikiwekwa karibu na bluu inaonekana nyingine, ikiwekwa karibu na rangi tofauti inarudi kuwa nyeusi. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya sheria hiyo. Fundisho lake kwangu ni hili: hakuna rangi inayoonekana peke yake. Kila rangi tunaiona pamoja na iliyo ubavuni mwake.

Sasa rudi kwenye kile kiti cha bibi harusi. Rangi ikishatoka ndani ya kisanduku, jirani yake mkubwa ni nani? Si rangi ya kumi na moja. Ni ngozi. Jirani huyo ndiye mwenye eneo kubwa kuliko wote, na ndiye pekee ambaye mtengenezaji hakumwona wakati anapanga. Rangi hafifu nyingi hutiwa titani dioksidi, unga mweupe uleule unaotiwa kwenye rangi za kuta. Juu ya ngozi nyeupe unga huo haujitokezi. Juu ya ngozi ya maji ya kunde unaanza kuonekana, na juu ya ngozi nyeusi unakuwa majivu. Kwa hiyo rangi kumi na mbili zilizopatana mbele ya kioo cha duka zinaweza kufika kwetu zikiwa tatu, na hizo tatu zote za msibani.

Naked, maana yake uchi. Rangi za ngozi tupu, rangi za kama hujajipaka. Mimi nauliza bila ya hasira: uchi wa nani? Ukiangalia rangi zile nyepesi, krimu na waridi iliyopauka, utaona kwamba aliyekuwa akifikiriwa akiwa uchi si yule bibi harusi. Upatanifu wa kisanduku ulikuwa wa kweli, sikatai. Ila ulikuwa mkataba wa watu waliokaa chumbani wakaafikiana, halafu mlango ukafunguliwa tukaambiwa sisi ndio tunaoleta fujo. Na mtu akiambiwa hivyo mara nyingi ataanza kujirekebisha yeye. Tunawajua dada zetu waliokimbilia mkorogo. Sisemi paleti ndiyo iliyowapeleka huko, la hasha. Nasema ni njia moja: kitu kikikataa kuelewana na uso, uso ndio unaoambiwa ubadilike.

Wapo waliolijibu hilo kwa vitendo badala ya insha kama mimi. Chichi Eburu, mzaliwa wa Nigeria anayeishi Marekani, alianzisha Juvia's Place na kutoa visanduku kama Nubian, vyenye rangi nzito zilizokusudiwa zionekane juu ya ngozi nyeusi. Tazama vizuri alichokifanya. Hakuutupa upatanifu. Rangi za Nubian ni za ukoo, shaba na dhahabu na wekundu wa udongo. Alichobadilisha ni jirani aliyemweka akilini wakati wa kuzipanga.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, ananipinga. Yeye anasema suala zima ni bure, fundi hodari hahitaji kupangiwa. Mpe chochote atachanganya. Nami nilikuwa karibu kukubali, maana si nilimwona dada kwa macho yangu? Na historia inamuunga mkono kidogo. Paleti za kale kabisa tunazozijua za rangi za macho ni za Misri, na hazikuwa visanduku. Zilikuwa vibao vya mawe vya kusagia. Kile mashuhuri cha mfalme Narmer, cha yapata mwaka 3100 kabla ya Kristo, kilichochimbuliwa msimu wa 1897 hadi 1898, ni kikubwa mno kwa matumizi ya nyumbani, kina urefu wa sentimita 64 hivi, lakini bado kina kishimo cha duara katikati, kumbukumbu ya kazi yake. Kwenye vibao vya kawaida watu walisaga kijani cha malakiti, na kwa macho walitumia pia nyeusi ya galena. Kijani na nyeusi: si ndugu. Upatanifu haukununuliwa umeshafungwa. Ulitengenezwa juu ya jiwe, mwenye uso akiwepo.

Hata hivyo simkubalii mshairi moja kwa moja. Alichokifanya dada ni kuokoa jahazi, na si kila nyumba yenye harusi ina nahodha. Binti anayejipaka mwenyewe chumbani kwake, kwa taa hafifu, asipopata rangi inayomwelewa atajilaumu mwenyewe, kama bibi harusi alivyojilaumu. Kumwambia kwamba fundi hodari angeweza ni kumwongezea kosa la pili. Anayepanga kisanduku ana deni kwa asiye hodari.

Jioni ile tulipokuwa tunarudi, mkoba begani, nilimuuliza dada yeye angepanga vipi kama angekuwa na kiwanda. Akafikiri mpaka tukavuka barabara.

"Ningeanza na uso," akasema. "Halafu kila rangi ningeiuliza, wewe unafanya nini ambacho jirani yako hawezi? Ikikosa jibu, inashuka."

"Na zile za kasuku?"

"Moja ingebaki. Ila ningeipa daraja."

Huo ndio msimamo wangu pia, na nimeuazima bila kulipa. Rangi za kisanduku kimoja zipatane, naam, lakini kupatana kwake kupimwe juu ya kope na si chini ya kifuniko. Rangi isiyofanya kazi yoyote ila kufanana na ya pembeni ni abiria wa bure. Na rangi inayolazimisha uso uombe radhi, hata ikipatana na wenzake wote kumi na mmoja, imekosea.

Sisi tunaoandika tusijifanye wageni hapa. Wangapi kati yetu tumepeleka shairi mahali tukaambiwa ni zuri ila haliendani na mengine? Wakati mwingine ni kweli, shairi lilikuwa kelele tupu, halina daraja. Na wakati mwingine yale mengine yote yalikuwa kahawia. Mhariri mwaminifu anapaswa kujua tofauti, na mwandishi mwaminifu vilevile, maana ni rahisi sana kuita kelele zangu upekee.

Kuhusu mimi, kile kisanduku kikuukuu sikicheki tena. Kijani chake kimebaki kidogo, unaona bati chini. Kile cha bei mbaya bado kinakaribia kujaa, na dada bado hukopa hudhurungi yake. Lakini swali la yule binti sijalipatia jibu la kutosha, kwa sababu aliuliza juu ya ngozi yake na mimi nimejibu juu ya rangi. Wenzangu mwasemaje?