Mnunuzi wa Pili

Wiki hii tuongee jambo ambalo wengi wetu huliacha nje ya mlango wa kanisa: kuuza nyumba na shamba.

Huku kwetu Kericho na Bomet, mtu akiuza boma anauza nyumba, majani chai na miaka ya jasho. Kutafuta bei nzuri si dhambi. Taja yako, mwache mnunuzi ataje yake, mpatane. Mithali 20:14 inamjua mnunuzi: anaponda mali mpaka aipate, halafu akienda zake anajisifu.

Shida huanza na mnunuzi wa pili, naye ni wa aina mbili.

Kuna yule ambaye hayuko. Broka atakufundisha kumtaja: "Kuna mtu wa Nairobi anaongeza laki mbili, anakuja kesho." Wanasema ni mbinu tu. Nimesomea biashara, na mbinu zipo. Kunyamaza kuhusu bei yako ya mwisho ni mbinu. Mnunuzi anajua umenyamaza, naye anapima mwenyewe. Lakini kubuni mtu ni uongo. Pesa atakayoongeza kwa hofu umeitoa mfukoni mwake kwa hila, na Walawi 25:14 inakataza kupunjana tunapouziana.

Halafu kuna yule ambaye yuko kweli. Huyu ndiye mgumu. Umekubaliana na jirani milioni mbili, mkashikana mikono. Ameshaenda SACCO kuomba mkopo. Siku ya nne simu inalia: kuna mtu ana milioni mbili na nusu. Utafanyaje?

Sheria ya Kenya inakuachia mwanya. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uandikwe na kutiwa sahihi mbele ya shahidi. Shamba la kilimo linahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi, na nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume au mke. Neno la mdomo peke yake halikufungi kortini. Tena utajiambia, "Huu ni mlango Mungu amenifungulia, watoto wana karo."

Sidharau karo. Lakini Zaburi ya 15, ikieleza nani atakaa hemani mwa Bwana, inamtaja mtu anayeshika kiapo chake hata kikimtia hasara. Hasara yenyewe ndiyo hiyo nusu milioni. Neno unalolishika likiwa na faida tu, hilo ni hesabu, si ahadi. Korti inauliza uliandika nini. Mungu anauliza ulisema nini.

Kwa hivyo, usiharakishe ndiyo. Waambie wote: "Napokea ofa hadi Ijumaa, niongee na mama watoto, kisha nitajibu." Ukishakubali, andikeni mara moja, na muweke tarehe ya kulipa. Tarehe ikipita bila malipo, uko huru kumsikiliza mwingine. Ibrahimu alinunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, mbele ya watu langoni pa mji (Mwanzo 23). Mashahidi walimlinda muuzaji na mnunuzi pia.

Ahadi ni deni, wapendwa. Kama kuna mtu leo anazungukia mkopo kwa sababu ya ndiyo uliyompa, mpigie kabla ya Jumapili, umwambie bado ni ndiyo.