Zawadi ya Mkaguzi

Tarehe 1 Januari 2012, Wanigeria waliamka na kukuta lita ya petroli imeruka kutoka naira 65 hadi 141. Serikali ilikuwa imefuta ruzuku. Nauli zikapaa, wafanyakazi wakagoma, waandamanaji wakauawa, na mwishowe bei ikashushwa hadi 97. Bunge likaunda kamati ichunguze ni nani aliyekuwa akiila ruzuku ile.

Uenyekiti alipewa Farouk Lawan, Muislamu wa Kano, aliyejipatia jina mwaka 2007 alipoongoza wabunge waliojiita Kundi la Uadilifu kumng'oa Spika Patricia Etteh kwa kashfa ya zabuni. Kamati yake ilifukua mengi. Iliripoti kwamba Januari 2009, ndani ya saa 24 tu, ofisi ya mhasibu mkuu ililipa naira milioni 999 mara 128. Mara 128, kiasi kile kile! Hapo watu wakapumua: angalau yuko anayewasemea.

Kumbe mkono wake ulikuwa wazi kupokea. Mahakama ilimtia hatiani kwa kupokea dola 500,000 kutoka kwa Femi Otedola, mwenye kampuni ya mafuta ya Zenon, ambayo jina lake lilikuwemo kwenye orodha ya watuhumiwa. Tarehe 24 Aprili 2012 Lawan mwenyewe alisimama bungeni akaomba jina hilo liondolewe. Otedola alieleza kuwa ule ulikuwa mtego uliopangwa pamoja na idara ya usalama. Naye Lawan alijitetea kwamba fedha alizichukua ziwe ushahidi. Ushahidi gani huo unaokaa mfukoni?

Utetezi wa namna hiyo si mgeni kwa Waislamu. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume hakulimaliza jambo lile faraghani. Alipanda mimbari, akamhimidi Mola, akauliza mbele ya watu kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi ingemfuata huko. Kisha akaonya kuwa atakayechukua kitu kwa njia hiyo atakuja Kiyama amekibeba shingoni, kikiwa ngamia analia, kikiwa ng'ombe analia. Ikumbukwe kwamba mtu yule hakuiba hata mbuzi mmoja wa zaka. Alipokea tu alichopewa kwa sababu ya cheo. Na Suratul Baqara, aya ya 188, imekataza kula mali za watu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu.

Sasa apimwe mkaguzi wa mafuta. Dereva wa daladala analipa, mama muuza samaki analipa kwenye nauli, mgonjwa analipa akipelekwa hospitali, halafu aliyetumwa kuwatetea anapokea bahasha ya muuzaji.

Lawan alihukumiwa mwaka 2021 kifungo cha miaka saba, ikapunguzwa kuwa mitano, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Januari 2024. Karibu miaka kumi na miwili tangu kosa! Lakini hasira zote zisiishie Abuja. Kwingine pia wapo wabunge wenye hisa katika biashara ya mafuta wanaopiga kura kuhusu kodi ya mafuta, na wakileta zulia msikitini waumini huitikia takbira. Kamati ya msikiti ipi imewahi kumuuliza mheshimiwa fedha za zulia amezitoa wapi, kabla halijatandikwa?