Mizani ya Kidoleni

Mizani ikipunja na muuzaji hajui, dhambi ni ya nani? Swali hilo tuliulizwa chuoni tukiwa watoto, tuliposoma habari za Nabii Shuaibu na watu wa Madiani waliopunja mizani. Jibu la maalimu lilikuwa fupi: asiyejua hana lawama, lakini akishajua, kila ratili anayopima baada ya hapo iko shingoni mwake.

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa mahututi, na mizani yangu ni kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Kinapitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana, wa infraredi. Damu yenye oksijeni hunyonya mianga hiyo tofauti na damu iliyopungukiwa. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyeona, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba ukifuata mapigo ya damu peke yake, ngozi, nyama na mfupa vinajitoa kwenye hesabu. Kifaa hiki kimeokoa roho nyingi.

Ila ngozi haikujitoa yote. Mwaka 1990 Amal Jubran na Martin Tobin waliandika, huko Marekani, kwamba kwa wagonjwa weusi walio kwenye mashine ya kupumulia kibanio hukosea zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha tena. Pale kibanio kiliposoma asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi, iliyopimwa kwenye damu ya ateri, ilikuwa chini ya 88 katika vipimo karibu 12 kwa kila 100 vya wagonjwa weusi. Kwa weupe, karibu 4. Miaka 30 ilipita kati ya maandiko hayo mawili, na vibanio viliendelea kuuzwa.

Marekani mgonjwa mweusi alilazwa jirani na mweupe, ndipo kosa likaonekana. Kwetu wodi nzima ni weusi. Kosa halina wa kulinganishwa naye, basi linapita kama ukweli.

Kijana wa zamu akiniambia, "Sista, huyu anasoma tisini na tatu, yuko vizuri," namjibu: mtazame kwanza. Hesabu pumzi zake. Msemeshe, uone kama anakuelewa. Vidole vikiwa na piko, kibanio kihamie sikioni. Shaka ikibaki, tunachukua damu ya ateri. Natafuta mapigo ya kifundo cha mkono kwa vidole viwili, sindano inaingia kwa kulala kidogo, na damu inapanda yenyewe kwenye bomba, ikisukumwa na moyo wa mgonjwa. Kisha nakandamiza hapo dakika 5. Mgonjwa anaumia, nami namwomba radhi, lakini hapo haki yake imepimwa sawasawa.

Wapo wanaosema Mwenyezi Mungu hamhukumu mja kwa kosa la mashine. Ni kweli. Lakini mashine haikukabidhiwa mgonjwa, nimekabidhiwa mimi. Wengine wanasema si kila hospitali ina kipimo cha gesi za damu. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu 93 ya mtu anayehema isiitwe salama.

Nanyi mnaotununulia vifaa, kabla ya kutia saini mwulizeni muuzaji: hiki kilijaribiwa kwa watu wa ngozi gani? Asiye na jibu, mrudishieni kifaa chake.